Moto wa Bibi Gaudensia

Bibi Gaudensia wa Chinongwe alizoea kuvuta sigara akiwa ameingiza upande wenye moto mdomoni, kama mama yake, ili cheche zisiangukie ufuta uliokauka shambani. Kijiji kizima kilimsifu, naye sifa hakuzikataa.

Leo, hospitalini Nachingwea, daktari wa meno alimshikisha kioo, akammulika kaakaa. Lilikuwa jeupe, limechanika, na katikati pana kidonda.

“Bibi, hapa juu pameungua.”

“Pameungua? Mimi tangu nizaliwe sijaunguza hata shina moja la ufuta!”

Bibi akakitazama tena kioo, muda mrefu. Kisha akanyoosha mgongo, akafungua pindo la khanga, akamwaga sigara zote mezani.

“Moto nitauzima mwenyewe, mjukuu wangu. Wewe shughulika na kidonda.”