Viazi Juu ya Mawe

Kabla wageni hawajaamka, Harerimana alifungua kikapu na kuanza kupanga viazi vitamu juu ya mawe. Vilikuwa vimechemshwa jana yake, bila chumvi, vikafungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Alipomaliza aliyaficha majani kichakani, akarudi karibu na hema na kujifanya anakoka moto.

Roho yake ilikuwa juu. Safari mbili zilizopita wageni waliondoka bila kuona hata mkia wa kima, na mkuu wa msitu alimwambia wazi: ya tatu ikienda hivyo, kazi ya kuongoza wageni anapewa Kabera. Mwaka ule wa 1999, ng'ambo ya mto, Congo ilikuwa inawaka tena kwa vita, na huku mtu mwenye mshahara alikuwa akihesabika miongoni mwa waliobarikiwa. Kulisha sokwe kulikatazwa kabisa. Lakini nani angejua?

Viazi vilitoka kwa Maman Mukamusoni, mjane aliyekaa kwenye nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Kila juma alimjazia kikapu, na hakuwahi kudai chochote. Safari zile mbili zilizoharibika, ni kwa sababu yeye alikuwa ameugua. Wema wa mama huyu, Harerimana alikuwa akijiambia, ndio uliomweka kazini.

Wageni wenyewe walikuwa Shema, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha saruji cha Muganza, na mkewe Odette. Wote wawili walikulia Bukavu, kule Congo, wakarudi nyumbani baada ya vita. Waliazima gari na hema, wakaliacha joto la Bugarama na kupanda kaskazini kupitia Nyakabuye, ili kwa mara ya kwanza maishani waangalie wanyama badala ya kuangalia nyuma yao. Kutoka hapa wangeendelea hadi msitu mkubwa wa Nyungwe.

Odette alitoka hemani amejifunika kitenge, meno yakigongana. Jicho lake likatua kwenye koti la Harerimana, la kijani, lenye kitambaa chekundu ndani.

"Hii koti ni ya Bukavu kabisa," alisema. "Papa yangu alikuwa na ya namna hii. Uliipata wapi?"

Harerimana alimjibu kwamba aliliokota humu humu msituni. Watu wengi walipita hapa kambi za wakimbizi zilipovunjwa kule Congo, wakaacha vitu njiani. Odette alibadilisha mazungumzo akataka kujua sokwe wanapenda kula nini kuliko vyote. Ndizi za kuiva, Harerimana alimwambia. Kwa ndizi za kuiva sokwe huja mbio kama batoto ba masomo kengele ikilia.

Aliwaongoza polepole, akisimama mara kwa mara kunusa hewa na kugusa majani, maana mgeni hulipia pia mbwembwe. Kisha akawakalisha nyuma ya gogo.

Chini yao palikuwa na uwazi mdogo, na katikati ya uwazi rundo la mawe, refu, bapa juu, mfano wa kitanda. Odette alinong'ona akiuliza nani aliyapanga.

"Bawindaji ba zamani," alisema Harerimana. "Walikuwa wanapikia pale."

Mawe yale aliyapanga mwenyewe, miaka mitatu nyuma, siku ile ile aliyoliokota koti, na kazi ilimchukua asubuhi nzima.

Wakasubiri mpaka Shema akaanza kupiga miayo. Ndipo matawi yakatikisika, na sokwe dume akashuka, akafuatwa na majike wawili, mmoja na mtoto mgongoni. Walipanda juu ya mawe, wakakaa, wakaanza kumenya viazi kwa vidole, taratibu, kama wazee kwenye harusi.

Odette alilia kwa furaha. Shema alimshika Harerimana mkono, akausahau mkononi mwake. Walipofunga hema alimwahidi kwamba angempitia mkuu wa msitu amwambie kuwa mwongozaji kama huyu hapatikani, na kwamba Jumamosi ijayo angewaleta wenzake wa kiwandani. Gari likapotea kwenye kona. Harerimana alicheka peke yake barabarani, moyo mweupe. Kabera angesubiri sana.

Alishuka na kikapu kitupu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Alipoukaribia uzio wa Mukamusoni alisimama, akavua koti, akalikunja na kulisukuma chini kabisa ya mfuko wake, kisha akaendelea na shati tu.

Mama alikuwa mlangoni. Alipokea kikapu, akapitisha kiganja ndani, akaangalia barabara huku na huku kabla ya kusema.

"Mutoto wangu alimaliza byote?"

"Byote, Maman."

"Na bale bageni ba gari? Habakumuona?"

"Habakumuona. Anajua kujificha. Anaomba tu juma ijayo umutumie ndizi ya kuiva."

Mukamusoni alitabasamu, tabasamu la mtu aliyelala vizuri mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alisema ndizi zipo, atauza chache, zilizobaki zote ni za mwanawe. Kisha akautazama msitu, ambao mvua ilikuwa inaufunika, na wasiwasi ukamrudia usoni.

"Na hii baridi? Ile koti yenye nyekundu ndani, angali nayo?"

"Angali nayo, Maman," alisema Harerimana, akauhamishia mfuko wake bega la pili. "Haivuagi hata siku moja."