Walioelewa Wanyooshe Mikono

Kwa siku tatu Bilali, tarishi wa boma, aliwapigia watu ngoma wakusanyike, ili awaambie kwamba ni marufuku kukusanyika.

Cheka ukitaka. Yeye hakucheka. Bwana Shauri, mkuu wa boma, alikuwa amemwita ofisini akamwambia, "Wale wa chama wanatafuta mwenyekiti. Sihaba muuza sato anautaka uenyekiti, Mbaruku fundi baiskeli naye anautaka. Jina lisipoondoka na treni ya Jumamosi kwenda makao makuu yao, tawi lao linafutwa. Sasa wakikutana wakapiga kura, wewe kazi huna. Soma tangazo, uhesabu walioelewa na wasioelewa, asije mtu akasema hakuambiwa."

Miaka ishirini na miwili ya kazi hiyo. Bilali akaanzia Mabatini. Alisoma tangazo lote, kwamba watu wasisimame pamoja zaidi ya wawili, akafuta jasho.

"Walioelewa wanyooshe mikono."

Akahesabu, akaandika.

"Wasioelewa?"

Wa kwanza kunyoosha alikuwa Mbaruku, ambaye kila jioni huusomea mtaa mzima gazeti.

"Hata wewe, fundi?"

"Kiswahili cha serikali kigumu, mzee wangu."

Na Sihaba, asiyejua hata a, alikuwa ameelewa mara moja. Bilali alitikisa kichwa, akaandika.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Igoma. Mama mmoja, Ng'washi, alinyoosha mkono. Jirani yake akaushusha kwa kofi.

"Wewe ulishaelewa jana kule Mabatini. Unataka kuelewa mara ngapi?"

Watu wakacheka. Hata Bilali alicheka kidogo.

Siku ya tatu, Buhongwa, alipomaliza kuhesabu, Sihaba alimletea kata ya maji.

"Shikamoo, mzee. Pole na kazi."

"Marahaba, binti yangu."

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mlinzi mlangoni. Mzigo wangu haruhusu upite, na anayeupitisha ni yeye."

Bilali alikunywa maji yote akifikiri. Wapi.

"Basi nipe mji," Sihaba akasema.

"Chukua Mwanza yote, uniache nipumzike."

"Nimeupokea. Jibu utalipata Jumamosi."

Jumamosi asubuhi Bwana Shauri alikuwa na furaha. Hakuna mkutano uliofanyika, si Mabatini, si Igoma, si Buhongwa. Akamshika Bilali bega, akaipiga hesabu yake mhuri wa serikali, akaagiza ibandikwe ubaoni nje ya boma ili kila mtu aione. Walioelewa, mia mbili na kumi na wanne. Wasioelewa, mia moja tisini na saba.

Nje watu walikuwa wanangoja tangu jua lilipochomoza, wamesimama wawili wawili, kama sheria inavyotaka. Bilali akagongomea msumari wa mwisho, akasogea pembeni.

Mbaruku alimsomea Sihaba hesabu zote mbili, taratibu. Akazirudia kimoyomoyo. Kisha akashusha pumzi, akampa mkono.

"Hongera, Mwenyekiti. Haya twende, treni inaondoka."