Chatu wa Nzilo

“Tata, mimba iko ya miezi ngapi?” mama muuza pemba alimtania Philippe, na meza zote za jirani sokoni zikaangua kicheko.

Philippe hakucheka. Alinunua mabonge matano ya udongo ule mweupe, ule wanaotafuna wanawake wenye mimba ili wasitapike, akayatafuna yote njiani, makavu hivyohivyo, mpaka ulimi ukamganda. Kisha akasukutua mdomo, akaenda kula kwa rafiki zake.

Ilikuwa Jumanne tu, hakuna sikukuu wala mgeni. Rafiki mmoja, Stany, alikuwa amepata chatu mkubwa kando ya bwawa la Nzilo, na mke wake Naomie amempika kwa mawese. Lakini jana yake, Philippe akipita nyuma ya ua wao, alimwona Naomie anatwanga ganda la mti, akamsikia Stany akisema: “Hii dawa, babu muganga aliituma toka kule njia ya Musumba. Bote tutakula chungu moja. Tumbo ya mwenye aliuzisha Kabeya itajionyesha yenyewe.”

Na aliyemuuza Kabeya, tusifichane, alikuwa Philippe. Kabeya, mdogo wake Stany, alifukiwa hai katika shimo lao la kuchimbia madini huko Mutoshi siku walinzi wa mgodi walipoleta tingatinga kulifunga. Philippe ndiye aliyewaonyesha shimo, kwa ahadi ya kazi ya ulinzi na jozi ya viatu. Alijua Kabeya yumo ndani. Akanyamaza.

Asipokwenda kula, amejitangaza. Akienda akatapika, amekwisha. Hilo alilijua vizuri, maana kanisani kwao alishaona mara nyingi: muloji, yaani mchawi, akiombewa, anatapika mbele ya kila mtu, na akishatapika hana la kujitetea. Philippe alikuwa mtoto wa mjini, mzaliwa wa Likasi. Mambo ya babu na maganda ya miti hakuyajua zaidi ya hapo. Kwake dawa ilikuwa moja: kisitoke kitu.

Na yule chatu, jamani, alikuwa mtamu! Nyama nyeupe, laini, na bukari, ugali wa kwao, la moto pembeni. Naomie aliwapakulia wanaume wanne waliokuwa wakichimba na Kabeya: Stany, Mechack, Hénock na Philippe. Uchungu ulikuja baadaye, nyuma ya ulimi, na hakuna aliyeutaja.

“Vraiment, Stany, bibi yako anajua kupika!” alisema Hénock akifyonza mfupa. “Lakini mama mukwe akisikia nilikula nyoka, hatanipatia tena mukono!”

Wakacheka. Philippe akacheka kuliko wote.

Mechack ndiye aliyetangulia. Alishika tumbo, akakimbilia ukutani, akarudisha kila kitu. Moyo wa Philippe ukaruka kwa furaha. Mechack huyu alimpa chumba miaka miwili, alimuuguza malaria, lakini kila mtu na roho yake. Philippe alisimama akamnyooshea kidole.

“Mumuone! Mumuone! Tangu mwanzo mi nilikuwa namuzania yeye!”

Naomie alimpelekea Mechack maji, akampangusa uso.

Halafu Hénock naye akainama. Wawili? Philippe alishangaa kidogo, kisha akaona ni heri zaidi: washukiwa wakiwa wawili, nani atamkumbuka wa tatu? Ila tumbo lake mwenyewe lilikuwa linawaka. Alikaza mkanda tundu moja. Kichefuchefu kikapanda mpaka kooni, akakimeza. Kikapanda tena, akakimeza tena, machozi yanamtiririka na meno yote yako nje kwa tabasamu.

Mwishowe Stany mwenyewe akatapika, palepale kati ya miguu yake. Philippe almanusura apige makofi. Loo, mtega mtego kanasa!

Stany alisukutua mdomo, akaja kuketi mbele yake. Mechack, Hénock na Naomie wakasogea, wakamzunguka.

“Na wewe, ndugu yangu? Hautapike?”

“Mi? Mi niko muzima! Tumbo yangu iko chuma.”

“Hata kidogo?”

“Hata tone. Mungu ananiona.”

Stany macho yalimjaa maji, kwa maana walikuwa wamependana kweli.

“Babu alisema, mwenye hana kosa njo huyo anatapikaka,” alisema polepole. “Kwa mwenye kosa, dawa inabakia mu tumbo, inamumaliza.”

Philippe alijitia vidole kooni, vinne vyote. Hakikutoka kitu.