Jiwe la Tunu

Siku hizo sheria ilimruhusu mpimaji wa mawe ya angani kuliita jiwe alilogundua kwa jina la marehemu wake. Namkunda aliliita lake Tunu, jina la bintiye, na kila jioni mumewe, Shebughe, alimwuliza mtoto amefika wapi.

Siku moja vipimo vipya vilionyesha kuwa jiwe lile litaigonga dunia.

“Pole, dada,” mkuu wake alimwambia. “Itabidi tulilipue.”

Namkunda alirudi nyumbani macho yamemvimba.

“Mama Tunu, mwanetu amefika wapi?” mumewe akauliza.

“Anakuja kwetu,” akajibu, na sauti ikamkatika hapo hapo.

Shebughe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaenda kutandika kitanda cha mtoto.