Mtani Kutoka Chuoni

Mjane wa Mzee Lugendo alikitazama kinasa sauti kilichowekwa kwenye jamvi, karibu na goti lake.

"Kinameza maneno yetu, halafu kinayapeleka wapi?"

"Chuo kikuu, mama," alisema Dokta Felista. "Nafundisha jinsi makabila yanavyozungumza. Nataka kurekodi utani wa msibani, watu waone kwamba tunaweza kutukanana bila kuchukiana."

"Kuna mwingine alikuja kutuuliza makabila yetu, mpole kama wewe. Baadaye nyumba za watu zikachomwa moto."

"Mimi si mgeni, mama. Baba yangu ni mtu wa mlimani. Sisi ni watani zenu."

Wanawake waliokaa jamvini wakaguna. "Kila mwenye shida yake hapa hugeuka mtani," alisema dada wa marehemu.

Mjane hakumwondolea macho. "Basi mtanie mume wangu. Nikiridhika, rekodi. Nisiporidhika, chukua kidude chako uondoke."

Dokta alikuwa amesikiliza utani wa namna hiyo miaka mingi, lakini hakuwahi kuutamka mwenyewe. Jeneza lilipoinuliwa, alivua viatu, akajilaza kizingitini kuziba njia, kama watani wafanyavyo msibani.

"Lugendo hapiti!" Akapaza sauti zaidi. "Lugendo hapiti! Mvivu mkubwa! Hata leo anataka abebwe!"

Wabebaji walisimama na jeneza mabegani, wakamgeukia mjane. Naye akainuka polepole, akakaza kanga kiunoni, akaenda hadi mlangoni na kumwinamia yule mwanamke aliyelala chini. "Washa kidude chako, mtani," alisema.