Kina cha Sori

Neno lilikuwa sori, na tangu asubuhi Jilala hakuwa amelipatia kina ambacho hakikumtia hasira.

Cha kwanza kuja kilikuwa mori. Akakitema. Cha pili kilikuwa lori, na hicho hakukitamka hata kwa kunong'ona. Lori ndilo lililomuua binti yake Ng'washi msimu uliopita wa pamba, kwenye njia ile ya zamani ya misafara ambayo babu yake Jilala aliipita na pembe begani, akiwaimbia wapagazi wenzake. Lori la Bwana Shamba, yule Mzungu wa kilimo. Bwana Shamba mwenyewe ndiye aliyeshika usukani, kwa haraka zake, utadhani barabara ni ya baba yake. Wakubwa wakasema ni ajali, yakaishia hapo.

"Kaburi," Jilala alijaribu. Hapana, hiyo ni -uri, kina cha nusu. Kiburi, yale yale. Habari, safari, shari: silabi ya mwisho inakubali, ya kabla yake inakataa. Kwa wimbo wa mavuno angeviokota tu. Kwa huu alitaka vina kamili, -ori kwa -ori, maana Igunga nzima ingemsikiliza.

Mkewe Ngollo alikuwa anapura mtama, na kila pigo lilikuwa na ghadhabu yake.

"Soli, soli!" alisema, maana r haikuwa na nafasi ulimini mwake. "Mwanangu yuko udongoni, wewe unampambia Mzungu maneno."

"Bwana Shamba anahamia Tabora, na mtemi ameamuru aagwe kwa ngoma."

"Basi imba alichokifanya. Vijana wako watajua la kufanya."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jilala alikuwa manju, na vijana wa ngoma yake walifuata alichoimba. Akiimba mori, Bwana Shamba hafiki Tabora mzima. Tangu msiba walikuwa wanaungojea wimbo huo. Hata yeye, siku ile ile ya maziko, alishika kijinga cha moto kwenda kulichoma ghala la pamba, akarudi njiani. Neno moja ndilo lililomrudisha.

Alilisikia kwa masikio yake. Alipofika mbio kutoka shambani, lori lilikuwa bado linanguruma, wanawake wanapiga yowe, na Bwana Shamba ameinama mbele, mkono juu ya boneti kama mtu aliyeishiwa nguvu. Alikuwa akilalama, "Mayu ...ori! Mayu ...ori!" Mayu ni mama. Ndivyo Wasukuma wanavyolia wakifikwa na jambo, na Jilala alistaajabu kwamba hata Mzungu humwita mama yake. Neno la pili, kichwa chake kilimezwa na injini, ukamfikia mkia tu. Mfaume mwenye duka, aliyewahi kuwapikia Wazungu wa reli, ndiye aliyemkamilishia: "Hiyo ni sori, mzee. Amekuomba radhi."

"Kiswahili anakijua," Ngollo alisema, na hakuwa analisema kwa mara ya kwanza. "Mbona hakusema pole?"

"Mtu akiumia kweli, hulia kwa lugha ya kwao."

Ngollo alimtazama, akatema mate kando, akaendelea kupura.

Mchana Jilala alikwenda kwa Anton, mwalimu wa shule ya misheni, aliyekijua Kiingereza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Sori maana yake nini hasa?"

"Ni kuomba radhi. Kama kusema, nimekukosea, na mimi inaniuma."

"Wazungu hulisema ovyo ovyo?"

Anton alicheka, lakini si kwa furaha. "Kwetu sisi? Mimi sijapata kulisikia."

Jilala alirudi nyumbani amefura. Ilimuudhi kwamba muuaji wa mwanawe ana moyo. Asingekuwa nao, kumchukia kungekuwa rahisi, na wimbo ungekwisha zamani.

Kesho yake watu walijaa mbele ya ghala la pamba. Bwana Shamba aliketi kando ya mtemi, akitazama saa yake. Nyuma yake lori lilikuwa limeshawashwa, na masanduku yakipakiwa. Vijana wa ngoma walishika fimbo nene kuliko za kuchezea. Jilala aliona, akajua wanamngoja yeye. Usiku alikuwa amepata kina kingine, bori, kile kichwa cha kiko cha tumbaku. Akaimba:

*Nilipandwa nao mori, sikuwasha hata bori,*
*limenishika mkono neno lako, Bwana: sori.*

Akarudia, sauti ikamkatika kwenye neno la mwisho. Vijana walitazamana. Mmoja aliweka fimbo chini, kisha wengine, na baadhi yao walikuwa wanalia kwa hasira isiyo na pa kwenda. Ngollo aliupa wimbo mgongo.

"Wimbo mzuri," alisema Bwana Shamba, akasimama.

"Msaidieni kupakia," Jilala aliwaambia vijana wake. Ilimuuma kulisema, lakini alilisema.

Wakasaidia. Sanduku la bati la mwisho likawaponyoka juu ya lori, likaporomoka na kuangukia boneti kwa kishindo. Bwana Shamba aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akainama mbele ya lori, mkono juu ya boneti, uso umemwiva, injini ikinguruma.

"Mayu ...ori!" alilalama. "Mayu ...ori!"

Jilala akamshika mkono Anton, aliyekuwa amesimama kando yake. "Mwalimu, hapa amemkosea nani? Mbona anaomba radhi kama siku ile?"

"Nani anaomba radhi?" Anton alisema. "Anasema, 'My lorry.' Lori langu."