Namba Moja

Ndani ya mlango wa kabati, fundi cherehani na kaka yake waliandika kwa penseli orodha ya anime kumi, katuni za Kijapani, walizozipenda kuliko zote. Sheria ilikuwa moja: marufuku kutazama sehemu ya mwisho bila mwenzako. Kaka alifariki wakiwa wamebakiza sehemu ya mwisho ya namba moja, na fundi, dada yake, hakuigusa sehemu hiyo mwaka mzima.

Leo alikuwa akiipanga upya orodha. Namba moja tu ingebaki palepale.

"Bado ni ile ya mlinzi wa mnara?" mjane wa kaka yake alicheka huku akikunja shuka. "Wifi, mwisho wake! Tulilia na marehemu mpaka mto ukalowa."

"Mlitazama lini?"

Mjane akaacha kukunja. "Kule wodini. Alisema nisikwambie."

"Mimi aliniambia ananisubiri tuitazame pamoja."

"Siku zilikuwa zinamwishia, wifi."

Fundi alilamba kidole, akaanza kusugua yale maandishi ya kaka yake yaliyolalia kushoto. Penseli iligoma kutoka. Alisugua mpaka rangi ya mlango ikabanduka na kumwingia kwenye ukucha.

"Wifi, unajiumiza."

"Ole wako," alisema bila kugeuka, "uniambie ilivyoisha."